Daktari Otfrid Foerster

Katika pwani yetu hii ya Ruvuma, kama kwingineko, wako watoto ambao miguu yao hukakamaa tangu utotoni kwa sababu ubongo uliumia. Magoti hugongana, visigino havikanyagi chini. Mtu aliyewafikiria sana wagonjwa hao alikuwa Daktari Otfrid Foerster, aliyezaliwa mwaka 1873 mjini Breslau, Ujerumani. Leo mji huo ni Wrocław, nchini Poland.

Mtu angedhani ubaya umo katika misuli. Sivyo. Mishipa ya fahamu hupeleka habari za msuli kwenye uti wa mgongo, nao uti huuamuru msuli ujikaze. Ubongo ulioumia hauwezi kuituliza amri hiyo. Basi mwaka 1908 Foerster alieleza jinsi ya kukata baadhi ya mizizi ya nyuma ya mishipa hiyo. Hakuikata yote, maana mguu ungekufa ganzi, na mzizi mmoja aliuacha makusudi ili goti liweze kumsimamisha mgonjwa. Kisha yalifuata mazoezi marefu, na hapo ndipo penye kazi hasa.

Mwanzoni kisu kilishikwa na wengine, kwani yeye hakuwa mpasuaji. Alijifunza kupasua akiwa mtu mzima, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye aliitwa Moscow kumtibu Lenin.

Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1941. Miaka ya 1970 madaktari wa Torino, Italia, walianza kuipima mizizi kwa umeme kabla ya kukata, na miaka ya 1980 Daktari Warwick Peacock akaiendeleza kazi hiyo Cape Town, katika Afrika yetu hii.