Niels Bohr na Elementi ya 72
Vizazi vya wanafunzi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki vimeichora atomu ya kalisiamu kwa mpangilio wa 2.8.8.2. Asili ya mchoro huo ni Niels Bohr, mzaliwa wa Copenhagen mwaka wa 1885, ambaye mnamo 1913 aliziweka elektroni katika viwango maalumu vya nishati. (Kwamba hazizunguki kiini kama sayari, hilo lilibainika baadaye.) Nadharia yake ilitiwa mizani na elementi ya 72. Mfaransa Urbain aliihesabu miongoni mwa metali adimu. Bohr, akizifuata elektroni, aliipanga chini ya zirkoniamu. Desemba 1922, Bohr akiwa Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel, Coster na Hevesy waliipata Copenhagen, ndani ya madini ya zirkoniamu. Ikaitwa hafniamu, kutokana na jina la Kilatini la mji huo.