Arnot wa Bunkeya na deni letu kwa vijana wapima ardhi

Sisi tunaohudumu Kolwezi tunapita mara nyingi karibu na Kingamyambo, mahali ambapo mabaki ya shaba na kobalti ya miaka mingi yamelundikwa. Siku hizi udongo ule una thamani tena, na wapimaji wanakwenda na kurudi. Vijana wa makanisa yetu hubeba vigingi na kufyeka njia. Anayesoma chombo cha kupimia, mara nyingi, ametoka mbali.

Jambo hilo limetukumbusha mtu aliyefika katika nchi hii kwa miguu na kuandika njia zake, ambaye makanisa mengi ya Katanga humtaja kuwa mjumbe wao wa kwanza wa Injili: Frederick Stanley Arnot. Tunaona vema kusimulia maisha yake, kisha tuseme neno moja juu ya watoto wetu.

Arnot alizaliwa Glasgow, Scotland, tarehe 12 Septemba 1858. Utotoni aliishi kwa muda Hamilton, mji ambamo jamaa ya David Livingstone ilikaa. Alicheza na watoto wa Livingstone, akasikia habari za safari za baba yao, na moyoni akaamua kwamba naye siku moja atakwenda Afrika.

Livingstone alikufa mwaka 1873 akitafuta chanzo cha Lualaba, mto wetu wenyewe. Alidhani ndio mwanzo wa Nile. Mwaka uliofuata msafiri mwingine, Verney Lovett Cameron, alipima kimo cha nchi pale Nyangwe. Aliona kwamba mto uko chini kuliko Nile ilivyo kule Gondokoro. Maji hayapandi mlima, basi Lualaba haiwezi kuwa Nile. Mtumishi wa Mungu aliyechoka mwili kwa miaka mingi alikuwa amekosea, na kipimo kimoja kilitosha kuonyesha kosa. Tulikumbuke jambo hili tunapoendelea.

Arnot alikuwa wa ushirika wa Ndugu, watu wanaotuma wajumbe bila mshahara uliopangwa. Aliondoka Uingereza Julai 1881, akiwa na miaka 22. Alishukia Natal, akapita kwa chifu Khama huko Shoshong, akavuka jangwa la Kalahari, akafika kwa Lewanika, mfalme wa Walozi, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Huko Lealui alikaa hadi 1884, akifundisha watoto wachache kusoma, mara nyingi akiwa na homa na chakula kidogo. Kisha akafuatana na mfanyabiashara Mreno, Silva Porto, mpaka Bihe, na kutoka huko akateremka hadi Benguela, pwani ya Atlantiki.

Akiwa upande huo alipata habari kwamba Msiri, mfalme wa Garenganze, alikuwa anataka Wazungu waje kwake. Msiri alikuwa Myeke, ukoo wake ulitoka Unyamwezi, Tanzania ya leo. Mji wake mkuu ulikuwa Bunkeya, ambao sasa uko teritwari ya Lubudi, katika jimbo letu la Lualaba. Njia za shaba, za pembe za ndovu na za watumwa zilikutana pale. Arnot alirudi bara mwaka 1885 kwa njia ya misafara ya Bihe, akaingia Bunkeya tarehe 14 Februari 1886.

Kwa karibu miaka miwili alikuwa mjumbe peke yake. Aliwatibu wagonjwa kwa dawa alizokuwa nazo, akazungumza na Msiri, akawapokea nyumbani mwake watoto waliokuwa wametupwa au kutekwa. Matunda hayakuonekana haraka. Desemba 1887 wenzake wawili, Charles Swan na William Faulknor, walifika, na mwanzoni mwa 1888 yeye akaondoka kwenda kutafuta watenda kazi wengine.

Huko London alipokewa na wanachuoni wa jiografia. Mwaka 1889 Shirika la Kifalme la Jiografia lilichapisha maelezo ya safari yake, nalo likamkubali kuwa mwanachama wake. Alikuwa ameandika siku za kutembea, majina ya mito na majina ya machifu, na alikuwa amepita mgongo wa nchi unaogawanya maji ya Zambezi na maji ya Kongo. Mgongo huo baadaye ulifanywa mpaka. Kati ya 1911 na 1914 tume ya Waingereza na Wabelgiji iliuwekea nguzo, na mpaka leo sehemu kubwa ya mpaka wetu na Zambia inafuata mgawanyiko ule wa maji.

Tuseme ukweli wote. Njia aliyoiandika Arnot haikuwa mpya kwa wenyeji. Wapagazi wa Bihe na watu wa Msiri waliijua kwa miguu yao kabla yeye hajafika. Ila ujuzi wao ulikaa vichwani, na ule wake ulikaa kwenye karatasi, na karatasi ndiyo iliyosomwa London na Brussels. Hatusemi kwamba Arnot alileta askari. Yeye alikuja na Biblia na dawa. Lakini habari za Garenganze zilipokwisha kuchapishwa, wengine walizisoma kwa nia nyingine. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na watu wa msafara wa kapteni Stairs, uliotumwa kwa faida ya mfalme Leopold. Mwaka 1892 mwanajiolojia Mbelgiji, Jules Cornet, alikuwa anachunguza mawe yetu na kuandika palipo na shaba. Mwaka 1900 iliundwa Kamati Maalum ya Katanga kusimamia ardhi, na mwaka 1906 ikaanzishwa Union Minière. Kwa miaka 20 tu tangu Arnot aingie Bunkeya, nchi yote ilikuwa imepimwa au imegawiwa, na mwenyeji hakushika kalamu.

Arnot mwenyewe aliendelea na kazi. Alimwoa Harriet Jane Fisher mwaka 1889, akarudi Afrika mwaka huohuo na kundi la watenda kazi, na wengine kati yao walikufa kwa homa kabla ya kufika bara. Vituo vya njiani kutoka pwani viliimarishwa, wajumbe wengine wakamfuata, na Dan Crawford akafika Bunkeya mwaka 1890 na baadaye akajenga Luanza kando ya ziwa Mweru. Afya ya Arnot ilivunjika mara nyingi, lakini alirudi tena na tena. Alikufa Johannesburg mwezi Mei 1914, akiwa na miaka 55.

Misioni zilileta shule, nasi tunamshukuru Mungu kwa hizo. Wazazi wetu walijifunza kusoma Neno. Lakini chuo kikuu cha kwanza cha Katanga kilifunguliwa Elisabethville mwaka 1956. Kutoka Bunkeya 1886 hadi mwaka huo ni miaka 70. Katika muda huo wote wapimaji waligawa nchi hii kutoka pembe moja hadi nyingine, na watu wetu walibeba minyororo ya kupimia.

Kwa nini tunalisema hili kanisani? Kwa sababu jambo lenyewe halijaisha. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inataka kiwanja kipimwe na kuwekewa mipaka kabla mwenyewe hajapata cheti cha uandikishaji. Sheria ya madini ya 2002 inagawa nchi katika miraba, kila mmoja hekta 84.955, na mraba hauulizi kama juu yake kuna shamba la mihogo au kaburi la babu. Mwaka 2017, hapa Kolwezi, familia za Kasulo zilihamishwa ili sehemu ya mtaa iwe machimbo. Siku kama hiyo ikifika, mtu anaulizwa ukubwa wa kiwanja chake, mpaka wake na karatasi yake. Mama mjane anaonyesha mwembe uliopandwa na mume wake. Mpimaji anaandika namba, na yeye hana mtu wa kumwambia kama namba ile ni ya haki.

Makanisa yetu pia yako hivyo. Tuna viwanja vingi tulivyopewa na machifu kwa neno la mdomo. Shahidi akifa, mpaka unakufa naye.

Kitabu cha Yoshua, sura ya 18, kinasimulia kwamba makabila saba yalikuwa bado hayajapata urithi. Yoshua hakuwapigia kura papo hapo. Kwanza alichagua watu watatu katika kila kabila, akawatuma waizunguke nchi na kuiandika kitabuni mji kwa mji, kisha kura zikapigwa mbele za Bwana. Waliotumwa walikuwa wana wa makabila yenyewe, waliojua mito na vilima vya kwao. Hapo tunaona kwamba kupima nchi kwa uaminifu ni utumishi, na kwamba urithi hulindwa na anayeweza kuuandika.

Basi tunapendekeza kwa makanisa mahalia ya mashariki na ya Katanga: tusimjengee Arnot jiwe la ukumbusho. Tuanzishe kwa jina lake bursi ya kumbukumbu, kwa ajili ya vijana, wake kwa waume, wanaotaka kusomea upimaji wa ardhi, uchoraji wa ramani na matumizi ya picha za satelaiti. Tuzungumze na Chuo Kikuu cha Kolwezi na kile cha Lubumbashi ili tuwe na mapatano ya kweli, yanayotaja idadi ya wanafunzi, karo na mahali pa mazoezi. Tuwaandikie pia Chuo Kikuu cha Glasgow, mji alikozaliwa Arnot, ambako elimu ya ramani inafundishwa, tuwaulize kama wako tayari kutembea nasi. Kuhusu fedha, sadaka zetu zina nafasi yake. Na sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaagiza makampuni yatoe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Wakati miradi inapochaguliwa, wazee wa makanisa wasikae kimya. Waseme pia habari ya masomo haya.

Tuanze na mwanafunzi mmoja. Arnot naye aliingia Bunkeya peke yake. Kijana huyo akimaliza, kazi yake ya kwanza iwe kupima kiwanja cha mjane, bila malipo, na kumwachia karatasi mkononi. Bwana wa mavuno atuinulie watenda kazi wa namna hiyo pia. Amina.