Towashi Aliyezikata Bahari Saba Mara

Maksai wa Keringet, niliowaona wakivuta jembe bila kuchoka, walinikumbusha Zheng He, Mwislamu wa Yunnan, China, aliyezaliwa mwaka 1371. Baba na babu yake walikuwa mahaji. Angali mtoto alitekwa na askari wa Ming, akahasiwa. Dhuluma iliyoje!

Matabibu watuambia kuwa aliyehasiwa asipopewa homoni, mifupa yake hudhoofika. Basi na atembee, abebe vizito, ale maziwa na dagaa, apate jua. Zheng He, bila ya dawa, hakukaa kitako. Tokea 1405 aliongoza safari saba za merikebu, na jahazi zake zikafika Malindi, mji uliompelekea mfalme wake twiga mwaka 1415. Alikufa amepindukia miaka 60.