John Newton: Nahodha wa meli ya watumwa aliyechelewa miaka 34 kuungama

NI wimbo unaoimbwa makanisani, mazishini na katika hafla za kitaifa kote duniani. Wengi wanaufahamu kwa jina lake la Kiingereza, Amazing Grace, na huuimba machozi yakiwalengalenga bila kujua kwamba aliyeutunga aliwahi kuwatia Waafrika minyororo na kuwavusha bahari ya Atlantiki wakauzwe kama mifugo.

Mtu huyo ni John Newton, kasisi wa Kanisa la Kianglikana nchini Uingereza, aliyefariki mnamo 1807 akiwa na umri wa miaka 82. Maisha yake yamezua swali ambalo halijapata jibu moja hadi leo: je, mwenendo wa kiongozi huyu wa kiroho ulilingana na mafundisho yake?

Wapo wanaomtaja kuwa mfano bora wa toba. Wapo pia wanaomwona kuwa mtu aliyehubiri huruma ya Mungu kwa miaka mingi huku akinyamazia dhuluma aliyoitenda kwa mikono yake mwenyewe. Kila upande una ushahidi wake, na sehemu kubwa ya ushahidi huo iliandikwa na Newton mwenyewe.

MWANA WA BAHARIA

Newton alizaliwa Julai 24, 1725, katika mtaa wa Wapping jijini London, kando ya mto Thames. Babake alikuwa nahodha wa meli za biashara na hakuonekana nyumbani kwa vipindi virefu. Mamake, Elizabeth, alikuwa mcha Mungu. Alimfundisha kusoma na kukariri Maandiko akitumaini kwamba siku moja mwanawe angekuwa mhubiri. Hakuishi kuyaona hayo. Kifua kikuu kilimwua mnamo 1732, mtoto akiwa hajatimiza miaka saba.

Alipofika miaka 11, Newton alianza kusafiri baharini pamoja na babake. Ujana wake ulijaa utukutu na maneno ya kuikejeli dini. Mnamo 1744 alikamatwa na kulazimishwa kutumikia jeshi la majini katika meli iliyoitwa Harwich. Alitoroka, akakamatwa tena, akachapwa viboko hadharani na kupokonywa cheo. Hatimaye alihamishiwa meli iliyokuwa ikienda kununua watumwa Afrika Magharibi.

Huko aliamua kubaki na mfanyabiashara mmoja Mzungu aliyekuwa na makao katika visiwa vya Plantain, karibu na Sierra Leone. Matumaini yake ya kutajirika yaliyeyuka upesi. Aliugua homa kali, na mke Mwafrika wa mfanyabiashara huyo akamdharau na kumnyima chakula. Newton aliishi kama mtumwa, akiwa na nguo moja tu mwilini.

Katika dhiki hiyo walijitokeza watu wa kumsaidia. Watumwa waliokuwa wamefungwa minyororo walimmegea kwa siri sehemu ya chakula chao kidogo. Newton alikisimulia kisa hicho katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mnamo 1764. Hivyo basi hawezi kutetewa kwamba hakuujua utu wa Mwafrika. Aliuonja akiwa na njaa.

DHORUBA YA 1748

Babake alikuwa amewaomba marafiki wafanyabiashara wamtafute. Meli iitwayo Greyhound ilimpata, naye akapanda kurejea nyumbani. Usiku mmoja wa Machi 1748, dhoruba kali iliipasua meli hiyo katika bahari ya Atlantiki. Mabaharia walipiga bomba kutoa maji hadi nguvu zikawaishia, na Newton akashika usukani kwa saa nyingi akiwa na hakika kwamba wangezama. Humo ndimo alimomlilia Mungu amhurumie.

Meli ilifika Ireland ikiwa imechakaa, na tangu hapo Newton alijihesabu kuwa mtu aliyeokolewa. Aliiadhimisha siku hiyo kwa maombi kila mwaka hadi uzee wake.

Mtu angetarajia kwamba aliyeonja mateso ya utumwa, akalishwa na watumwa na kisha kuokolewa kutoka kilindini, hangeigusa tena biashara hiyo. Mambo hayakuwa hivyo. Mwaka huo huo alirudi Afrika Magharibi akiwa msaidizi wa nahodha katika meli ya watumwa iliyoitwa Brownlow. Kati ya watu 218 waliopakiwa katika meli hiyo, 62 walifariki.

IBADA JUU, MINYORORO CHINI

Mnamo Februari 1750 Newton alimwoa Mary Catlett, msichana aliyempenda tangu ujana wake. Baadaye mwaka huo alipewa meli yake ya kwanza, Duke of Argyle. Kati ya 1750 na 1754 alifanya safari tatu akiwa nahodha, mbili za mwisho katika meli iliyoitwa African.

Hapa ndipo mgongano kati ya imani na matendo yake unapoonekana waziwazi. Siku za Jumapili Newton aliwakusanya mabaharia wake kwa ibada. Alisoma Biblia, alisali na kumwandikia mkewe barua zilizojaa mapenzi na shukrani kwa Mungu. Chini ya sitaha aliyosimama, wanaume walilala wakiwa wamefungwa wawili wawili kwa pingu, wakibanwa wasiweze hata kujigeuza.

Katika kumbukumbu za safari, Waafrika hao hawakuwa na majina. Aliyefariki aliandikwa kwa nambari, kisha akatupwa baharini. Mnamo Desemba 1752, Newton aligundua kwamba watumwa walikuwa wakipanga kuasi. Aliwatia pingu wavulana walioshukiwa na kuwabana vidole gumba kwa chuma ili waseme ukweli. Kadhalika, aliandika kwamba ni Mungu aliyemjalia kuigundua njama hiyo mapema.

Aliacha ubahari mnamo 1754, lakini si kwa sababu dhamiri ilimsuta. Alipokuwa akijiandaa kwa safari nyingine alianguka ghafla na kupoteza fahamu, na madaktari wakamshauri asisafiri tena. Hata baada ya hapo aliendelea kuweka fedha zake kwa Joseph Manesty, tajiri wa Liverpool aliyemiliki meli hizo. Manesty alipofilisika, akiba ya Newton ilipotea.

KASISI WA MASKINI

Baada ya kufanya kazi ya forodha katika bandari ya Liverpool kuanzia 1755, Newton alitawazwa kuwa kasisi mnamo 1764 na kutumwa Olney, mji mdogo ambao wakazi wake wengi walikuwa maskini waliojikimu kwa kufuma utepe. Huko alipata sifa njema, nazo hazikuwa za bure.

Aliwatembelea wagonjwa, akawafundisha watoto na kuwasaidia wahitaji kwa fedha alizopewa na mfanyabiashara tajiri John Thornton. Mshairi William Cowper, aliyesumbuliwa na ugonjwa wa akili na kujaribu kujiua, alipata kwake rafiki wa kweli. Newton alimtunza mshairi huyo nyumbani mwake kwa miezi mingi bila kuchoka. Aidha, yeye na mkewe, ambao hawakujaliwa watoto, waliwalea mayatima wawili wa jamaa zao.

Wimbo wa neema ulitungwa wakati huo, kwa ajili ya ibada ya mwaka mpya ya Januari 1, 1773. Ulichapishwa mnamo 1779 katika mkusanyiko wa nyimbo 348 ambazo nyingi zilitungwa na Newton na zilizobaki na Cowper. Sauti inayotumika leo haikuwa yake. Ilioanishwa na maneno hayo nchini Marekani mnamo 1835, miaka 28 baada ya kifo chake.

Wengi hudhani kwamba wimbo huo ni maungamo ya mfanyabiashara wa watumwa. Hata hivyo, hakuna mahali ndani yake panapotaja utumwa. Kitabu chake cha 1764 nacho hakikuilaani biashara hiyo. Kilichomkera, kwa maelezo yake, ni kwamba kazi ile ilimfanya kuwa kama askari wa gereza, naye akaomba apewe kazi yenye utu zaidi. Aliamini kwamba ilikuwa riziki aliyopangiwa na Mungu.

KIMYA CHAVUNJIKA

Mnamo 1780 Newton alihamia kanisa la St Mary Woolnoth jijini London. Mnamo Desemba 1785 alimpokea kwa siri mbunge kijana, William Wilberforce, aliyekuwa amempata Mungu na kufikiria kuiacha siasa. Newton alimshauri abaki Bungeni amtumikie Mungu humo. Ushauri huo ulizaa matunda. Miaka miwili baadaye, Wilberforce alianza kuongoza vita vya kukomesha biashara ya watumwa Bungeni.

Hatimaye, mnamo Januari 1788, Newton alichapisha kijitabu kuhusu biashara ya watumwa wa Afrika. Ilikuwa miaka 34 tangu aache unahodha. Humo alikiri kwamba maungamo yake yamechelewa na kwamba ataona aibu daima kwa kushiriki jambo ambalo sasa moyo wake ulilichukia. Alieleza jinsi watu walivyopangwa chini ya sitaha kama vitabu kwenye rafu, jinsi wanawake walivyonajisiwa, na jinsi msaidizi mmoja wa nahodha alivyomnyakua mtoto mchanga kutoka kwa mamake na kumtupa baharini kwa kukerwa na kilio chake.

Kijitabu hicho kilisambazwa kwa wabunge. Newton alitoa pia ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Mfalme, na baadaye mbele ya kamati ya Bunge. Watetezi wa biashara hiyo walikuwa wakidai kwamba Waafrika walisafirishwa kwa starehe, na wanaharakati wengi walioipinga hawakuwa wamewahi kukanyaga meli ya watumwa. Newton alikuwa amekuwa nahodha wake. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hakujua alichokisema.

Sheria ya kupiga marufuku biashara hiyo katika himaya ya Uingereza iliidhinishwa Machi 25, 1807. Newton, aliyekuwa karibu kupofuka kabisa, alifariki Desemba 21 mwaka huo huo.

KENGELE YA KISAUNI

Sheria hiyo haikuleta nafuu ya mara moja katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako watumwa waliendelea kuuzwa kwa miongo mingi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mnamo 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria katika pwani ya Kenya mnamo 1907, karne moja baada ya kifo cha Newton.

Hata hivyo, kuna uzi unaomuunganisha mzee huyo na Mombasa. Mnamo 1783 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kikundi cha makasisi jijini London kilichokutana kujadili masuala ya dini. Kutokana na mijadala ya kikundi hicho, shirika la kimishenari la CMS liliundwa mnamo 1799. Shirika hilo ndilo lililomtuma Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mnamo 1844, na ndilo lililoanzisha makao ya watumwa walioachiliwa huru huko Freretown katika miaka ya 1870. Mahali iliposimama kengele ya kuwatahadharisha wakazi hao panaitwa Kengeleni hadi leo.

MIZANI YA MAISHA YAKE

Ni vigumu kumtia Newton katika fungu moja. Kusema kwamba alikuwa mnafiki tangu mwanzo hadi mwisho ni kumwonea. Mnafiki huficha maovu yake, ilhali Newton aliyaanika yake mbele ya taifa zima katika uzee wake, wakati angeweza kufa akiwa na heshima zake zote. Wala hakuna aliyemlazimisha.

Kwa upande mwingine, kusema kwamba dhoruba ya 1748 ilimbadilisha papo hapo ni kuipamba historia. Newton mwenyewe alikuja kukiri kwamba kwa muda mrefu baada ya dhoruba hiyo hakuwa muumini kamili. Dini yake ilimkataza kutukana na kulewa kabla haijamkataza kumuuza binadamu mwenzake. Kanisa alilolitumikia, tabaka lililomheshimu na sheria za nchi yake zote ziliihalalisha kazi ile, naye akaridhika kuwa mwema katika yale ambayo jamii iliyahesabu kuwa mema.

Hata maandishi ya kaburi lake, aliyoyatunga mwenyewe, yanazua maswali. Yanasema kwamba aliwahi kuwa mtu asiyeamini, mwasherati na mtumishi wa watumwa barani Afrika. Mateso aliyoyapata Afrika yametajwa. Mateso aliyowapa Waafrika hayamo.

Toba yake ilikuwa ya kweli, na ilisaidia kuwaokoa wengi ambao hawakuwa wamezaliwa alipokuwa nahodha. Lakini haikuwafikia wale walioandikwa kwa nambari katika daftari zake. Miaka 34 ni mingi kwa aliyekaa kimya, na ni mingi zaidi kwa aliyekuwa minyororoni akisubiri mtu mmoja anayejua ukweli aseme. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema. Katika maisha ya John Newton, mjukuu huyo alikuja na kufanya kazi njema, ila alikuja akiwa amechelewa sana.