Abdus Salam: Gwiji wa fizikia aliyewafungulia mlango wasomi wa nchi maskini

KIJANA wa Kitale au Bungoma anayeisomea fizikia ya nadharia hadi kilele chake hukabiliwa na swali zito. Je, arudi nyumbani ambako hatapata wa kujadiliana naye, taaluma yake ififie, au abaki ughaibuni na kuikosesha nchi yake elimu aliyoipata?

Swali hilo lilimtesa Profesa Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan aliyeaga dunia mwaka wa 1996. Jibu alilolitafuta kwa miaka mingi limewafaa wasomi wengi wa Afrika, wakiwemo wa magharibi mwa Kenya.

Salam alizaliwa Januari 29, 1926, katika jimbo la Punjab, wakati huo likiwa sehemu ya India chini ya Waingereza. Alilelewa Jhang, mji mdogo katika eneo la wakulima, ambako babake alifanya kazi katika idara ya elimu. Akiwa na umri wa miaka 14 alifanya mtihani wa kumaliza shule na kupata alama zilizovunja rekodi zote za awali za Chuo Kikuu cha Punjab.

Mnamo 1946 alipata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Fedha hizo zilikuwa zimechangwa kwa ajili ya Vita vya Pili vya Dunia, na vita vilipokwisha, zilizosalia zikatengwa kuwasomesha watoto wa wakulima wadogo. Mwaka uliofuata India iligawanywa na mpango huo ukafa. Salam alikuwa ameshaondoka.

Alirudi nyumbani mwaka wa 1951 kufundisha mjini Lahore, jina lake likiwa tayari linajulikana miongoni mwa wanafizikia wa Ulaya. Chuoni hakukuwa na utafiti wala mwenzake wa kujadiliana naye. Alipotakiwa kushika jukumu la ziada, alichagua kusimamia timu ya kandanda.

Kisha mwaka wa 1953 zikazuka ghasia mjini humo dhidi ya Waahmadiyya, jumuiya ya kidini ambayo Salam alikuwa muumini wake. Jumuiya hiyo si ngeni Afrika Mashariki, kwani mwaka huo huo ilichapisha jijini Nairobi tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili. Mnamo 1954 Salam alirejea Cambridge, na mwaka wa 1957 akawa profesa katika chuo cha Imperial, London.

Huko ndiko alikofanya kazi iliyompa sifa. Wanafizikia wanatambua nguvu nne za msingi katika maumbile. Mojawapo ni nguvu ya sumaku na umeme. Nyingine ni nguvu hafifu ya kiini cha atomu, ambayo bila yake jua lisingewaka jinsi linavyowaka. Salam, pamoja na Wamarekani Sheldon Glashow na Steven Weinberg ambao kila mmoja alifanya kazi yake kivyake, alionyesha kwa hesabu kwamba nguvu hizo mbili zina asili moja.

Modeli hiyo ilitabiri kuwepo kwa chembe ambazo hakuna aliyewahi kuziona, ziitwazo W na Z, zenye uzito wa zaidi ya mara 80 ya ule wa protoni. Watatu hao walituzwa Nobel mwaka wa 1979, kabla chembe hizo hazijapatikana. Zilionekana mwaka wa 1983 katika maabara ya CERN, karibu na Geneva.

Kuzitambua hakukuwa kazi rahisi, kwa kuwa zilijitokeza mara chache mno kati ya migongano isiyohesabika. Katika utafiti wa aina hii, wanasayansi huiga migongano ndani ya kompyuta, wakitumia nambari za kubahatisha mithili ya kurusha dadu, ili wajue mapema vipimo vitaonyesha nini iwapo nadharia ni ya kweli. Mbinu hiyo huitwa Monte Carlo.

Uigaji wa kompyuta hautumiki katika fizikia ya chembe pekee. Mhandisi anayekusudia kujenga daraja juu ya Mto Nzoia anaweza kuligawa katika vipande vidogo ndani ya kompyuta na kukokotoa mzigo wa kila kipande kabla ya saruji kumwagwa. Daraja na chembe ni vitu tofauti kabisa, lakini njia ni ile ile: milinganyo kwanza, kisha hesabu, halafu majaribio.

Hata hivyo, Salam hakuisahau Lahore. Mwaka wa 1964 alianzisha Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia mjini Trieste, Italia, akakiongoza hadi 1993. Kupitia mpango wake wa washirika, mhadhiri wa nchi maskini huenda huko kwa wiki au miezi michache, akakutana na wenzake, kisha akarudi kufundisha kwao. Mnamo 1983 Salam aliongoza pia kuundwa kwa Akademia ya Sayansi ya Ulimwengu wa Tatu, ambayo Mkenya Thomas Odhiambo alikuwa miongoni mwa waasisi wake.

Nchi yake haikumlipa kwa wema. Mwaka wa 1974 Pakistan ilibadilisha katiba na kutangaza kwamba Waahmadiyya si Waislamu, naye akajiuzulu wadhifa wa mshauri wa serikali kuhusu sayansi. Alifariki mjini Oxford Novemba 21, 1996, akazikwa Rabwah, Pakistan. Baadaye neno Mwislamu lilifutwa kwenye jiwe la kaburi lake. Kituo cha Trieste kilipewa jina lake mwaka wa 1997.

Mnamo 2012 kituo hicho kilisaidia kuandaa mafunzo ya Afrika kuhusu uigaji wa elektroni katika mata kwa kutumia kompyuta. Yalifanyika Chepkoilel, mjini Eldoret, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Kitale. Chuo hicho sasa ni Chuo Kikuu cha Eldoret. Tangu 2018 kuna taasisi dada ya Trieste jijini Kigali, Rwanda. Nayo Bungoma ilipata chuo kikuu kamili, Kibabii, mwaka wa 2015.

Utafiti wa aina hii hauhitaji mtambo wa mabilioni kama ule wa Geneva. Unahitaji kompyuta, umeme usiokatika, hesabu na wenzako wa kukukosoa. Hao wa mwisho ndio Salam aliowakosa Lahore, na ndio aliotumia nusu ya maisha yake kuwatafutia wengine.