Duane Jones: Mwalimu aliyepambana na misukule, kopi mbovu zikamficha sura

Ukiomba movie ya misukule kwa wanaopakia filamu kwenye memori kadi pale Mpanda mjini, nafasi kubwa ni kwamba utapewa ya kisasa, yenye rangi kali na damu nyingi. Iliyozifungulia njia zote hizo ni ya mwaka 1968, nyeusi na nyeupe, inaitwa Night of the Living Dead. Shujaa wake ni mtu mweusi, Duane Jones.

Msukule wanaoufahamu watu wa Katavi na Rukwa una mwenyewe: umechukuliwa, unalimishwa shamba usiku. Wafu wa filamu hii hawana bwana. Wanainuka tu na kutafuta nyama ya watu. Neno zombi lenyewe halitamkwi hata mara moja humo ndani.

Jones hakuwa staa. Alisoma Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na ualimu ndio ulikuwa kazi yake. Mwaka 1967 kijana aitwaye George Romero na wenzake, watengenezaji wa matangazo ya biashara pale Pittsburgh, walikusanya pesa za kutengeneza filamu. Bajeti ilifika kama dola 114,000, na nyumba waliyoigizia ilikuwa ya shambani, karibu na mji mdogo wa Evans City. Jones alipewa nafasi ya Ben kwa sababu aliwazidi wengine kwenye majaribio.

Kwenye maandishi, Ben alikuwa dereva wa lori mwenye maneno ya kihuni. Jones aliyabadilisha. Akamfanya mtu mtulivu, anayefikiri kabla ya kusema, anayegongelea mbao madirishani wakati wenzake, wote wazungu, wanabishana kuhusu kujificha chini ya nyumba. Kwa Marekani ya miaka ile, mtu mweusi kuongoza wazungu kwenye filamu na hadithi isiseme lolote kuhusu rangi yake lilikuwa jambo nadra sana.

Mwisho wake unauma. Ben anavuka usiku mzima akiwa hai. Asubuhi kundi la wazungu wenye bunduki linafika kuokoa watu, linamwona dirishani, linampiga risasi kichwani likidhani ni mmoja wa wafu. Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968. Filamu ilioneshwa kwa mara ya kwanza Pittsburgh tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo, watu wakiwa bado na msiba.

Hapo ndipo likaja balaa la kopi. Wasambazaji walibadilisha jina la filamu, na walipofuta lile la zamani wakafuta pia tangazo la hakimiliki. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, filamu bila tangazo hilo ilikuwa mali ya kila mtu. Yeyote mwenye mashine akatoa kanda yake, kisha DVD yake, kopi ya kopi ya kopi. Kwenye nyingi ya hizo giza linameza kila kitu, na kinachotangulia kumezwa ni uso wa Jones. Unasikia sauti, macho huyaoni.

Mwaka 1986 ilitoka kanda iliyopakwa rangi, wafu wakawa wa kijani kama mboga. Mwaka 1999 ikaja nyingine yenye vipande vipya vilivyochomekwa, Romero akiwa hayumo. Zote mbili ziachwe dukani.

Ya kutafuta ni ile iliyosafishwa kutoka kwenye negativu halisi na jumba la makumbusho la MoMA la New York pamoja na The Film Foundation, ikaoneshwa 2016, kisha Criterion wakaitoa kwenye diski mwaka 2018. Kipimo ni rahisi hata kwenye simu: nenda pale Ben anapomsimulia Barbra kuhusu lori la mafuta lililoshika moto. Kama unaona uso wake vizuri anavyoongea, umepata mzigo wenyewe. Kama ni kivuli kinachoongea, futa.

Cha ajabu, filamu yake kubwa ya pili ilipata mkosi wa aina hiyohiyo. Ganja & Hess ya Bill Gunn, mwaka 1973, ambamo Jones ni msomi anayegeuka mnyonya damu baada ya kuchomwa kisu cha kale cha Kiafrika, ilioneshwa Cannes. Wenye filamu hawakuipenda, wakaikata zaidi ya nusu saa na kuiuza kwa majina mengine, Blood Couple likiwamo. Kopi kamili ilibaki MoMA, na ndiyo iliyookoa kazi yote. Ukikutana na yenye dakika 78 hivi, hiyo ni ile iliyochinjwa.

Jones mwenyewe aliendelea kufundisha, akaongoza michezo ya jukwaani New York, na hakupenda ajulikane kwa Ben peke yake. Mahojiano alitoa machache. Alifariki Julai 1988 kwa ugonjwa wa moyo, miaka 28 kabla ya ile kopi safi kuoneshwa.

Night of the Living Dead inachukua saa moja na nusu na ushee. Iangaliwe usiku, taa zikiwa zimezimwa, mwanga wa simu umepandishwa hadi mwisho.