Muyaka wa Mvita na Maandishi ya Kibera

Wengi wetu watu wa pwani tukisikia jina la Kibera hukumbuka mabati na matope tu. Twasahau kwamba mtaa huo ulianzishwa na Waislamu wenzetu, askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la Waingereza na kupewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Hata jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Nami kila nikipita Kibera, au Kawangware iliyo magharibi ya Nairobi, jicho langu huvutwa na maandishi: vibao vya vinyozi na vya wauza nyama, majina yaliyochorwa kwa rangi kali, maneno ya hekima na ya mzaha juu ya milango na magari ya matatu. Hapo ndipo humkumbuka marehemu Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, na leo napenda kuwahadithia wasomaji habari zake.

Muyaka alizaliwa Mombasa kwenye mwaka wa 1776 hivi, wakati Mazrui wakiitawala Mvita kutoka Ngomeni. Tungo nyingi tulizorithi za kabla yake ni tenzi na kasida za dini, zilizotoka zaidi Pate na Lamu, nazo zilisomwa misikitini na katika majumba ya wenye elimu. Muyaka hakuidharau elimu hiyo. Alilofanya ni kuutoa ushairi nje ya mlango wa msikiti na kuupeleka sokoni na barazani. Akalichukua shairi la beti fupi, la mishororo minne yenye mizani kumi na sita kila mmoja, akalinyosha hata likawa chombo cha mazungumzo ya kila siku. Humo alizungumzia mapenzi na ndoa, ukata na ukwasi, urafiki na usaliti, na mafumbo ambayo mpaka leo watu hukaa wakayafumbua. Wachukuzi na mabaharia walizihifadhi tungo zake sawasawa na masheikh.

Lakini asidhani mtu kwamba maneno ya sokoni ni mchezo. Muyaka alikuwa mtu wa Mazrui, na ulimi wake ulikuwa silaha yao. Mombasa ilipokuwa na ugomvi na Lamu, na baadaye na Sayyid Said bin Sultan, tungo zake ziliwatia watu wake moyo na kuwachoma mahasimu. Lamu nayo ilikuwa na malenga wake, Bwana Zahidi Mngumi, na maneno yakajibiwa kwa maneno. Nayo vita vya Shela vya kwenye mwaka wa 1812 havikuwa vya maneno matupu: majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa vibaya kule ufukoni, na damu nyingi ilimwagika. Nampenda Muyaka, ila siwezi kuficha kwamba malenga akiwasha moto hana uwezo wa kuchagua nyumba itakayoungua.

Nalisema hili kwa sababu Kibera yalijiri mambo ya kinyume chake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jirani alipomwinukia jirani na nyumba zikachomwa, mchoraji mmoja wa mtaa huo, Solomon Muyundo, anayejulikana kwa jina la Solo7, alishika rangi na burashi akaandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta, milango na mabati. Huyu alikuwa karibu na kundi la wachoraji liitwalo Maasai Mbili, lililoanzishwa mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota. Wawili hao walianza kwa kuandika vibao vya maduka, na kutoka kwenye vibao wakaingia katika sanaa iliyotambuliwa hata nje ya Kenya. Kwao neno lililoandikwa ni sehemu ya picha, na mpita njia ndiye msomaji. Muyaka, lau angaliona, angaliijua kazi hiyo mara moja.

Turudi Mvita. Mwaka 1837 Sayyid Said aliutwaa mji, na wakubwa wa Mazrui wakakamatwa na kupelekwa Ghuba ya Uajemi. Muyaka aliona kwa macho yake dola aliyoitetea ikianguka. Miaka mitatu hivi baadaye, kwenye 1840, naye akafariki. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi hapo tungo zake nyingi zingaliweza kupotea, kwani nyumba yake kubwa ilikuwa vinywa vya watu, na vinywa hufa. Aliyeziokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Jina lake lasema hakujua, na kumbe yeye ndiye aliyejua. Aliwaendea wazee wa Mombasa, akayakusanya mashairi kutoka kumbukumbu zao, akayaandika kwa herufi za Kiarabu na kuyaeleza maana. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Aliyeshirikiana naye alikuwa padri wa Kiingereza, W. E. Taylor, na karatasi zao zikaishia London. Mwaka 1940 William Hichens akaichapisha diwani ya Muyaka huko Johannesburg, na mwaka 1979 mwana wetu, Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz, akatutolea kitabu kikubwa juu ya malenga huyo. Ilikuwa miaka mia moja kwa diwani kutoka kaburini hadi kitabuni, tena kwa msaada wa mikono ya mbali. Jambo hilo latupasa kulitafakari.

Maana maneno ya kuta nayo hayana umri mrefu. Rangi hufifia kwa jua, mwenye duka akihama kibao hufutwa, na Julai 2018 nyumba za maelfu ya watu zilivunjwa Kibera kupisha barabara. Kila kibanda kilichoanguka kilianguka pamoja na maandishi yake. Wako watakaosema hayo ni maneno ya ovyo, Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, hayafai kuwekwa. Nami nawajibu kwamba shairi la sokoni nalo halikuwa kasida, na leo ndilo tunalojivunia.

Kwa hivyo nawaomba vijana wetu walioko Nairobi, wenye simu za kupigia picha mifukoni: pigeni picha vibao hivyo, andikeni ni nani aliyevichora na mwaka gani, ulizeni maana. Malenga hawakosekani Kibera na Kawangware. Anayehitajika ni Mwalimu Sikujua.